Nguo inarudi, chuma kinajikaza: na kifua chako je?



Siku moja asubuhi kijana wa atelie aliingia katika dispanseri yetu. Hakuwa mgonjwa. Mkononi alishika salopeti mpya, iliyofuliwa mara moja tu. Aliivaa mbele yetu ili tuone wenyewe: miguu iliishia juu ya vifundo, na mikono haikufika tena kwenye viganja. Ndani ya ukosi kulikuwa na kitambaa kidogo chenye maandishi ya Kiingereza. Akaniambia:

«Mganga, wewe ulisoma. Unisomee hapa. Hawa watu waliandika nini?»

Nikasoma. Waliandika kwamba nguo hii ifuliwe kwa maji baridi, kwa sababu ikipata maji ya moto ita«shrink».

«Na hiyo shrink ni nini?»

Nikamjibu upesi: «Ni kupunguka.» Lakini hapo hapo nikaona jibu langu halitoshi. Sabuni pia inapunguka, na unga wa nyumbani unapunguka. Sabuni inapunguka kwa sababu imeliwa na maji. Salopeti haikuliwa na kitu. Nyuzi zake zote zipo, hakuna hata moja iliyopotea, ila zimejivuta na kujikunja. Nikamweleza hivyo.

Kijana akacheka. «Basi ni kama mtu aliyeona nyoka njiani. Anajikunja, anarudi nyuma.»

Alifikiri ametania, kumbe alisema kweli. Waingereza wanatumia neno hilo hilo kwa mtu anayerudi nyuma kwa woga. Jioni nilifungua kamusi yangu ya zamani ya shuleni, nikahesabu maana za lile neno moja. Kila maana niliyoikuta nilikuwa nimekwisha kuiona kazini, kwa macho yangu. Ndiyo sababu leo ukurasa wetu wa afya unaanza na kitambaa kidogo cha salopeti.

NGUO INAPORUDI

Ndugu zetu wa pwani, huko Tanzania na Kenya, wana neno zuri kwa jambo hili. Husema: nguo imerudi. Na kweli inarudi. Uzi wa pamba unavutwa sana wakati wa kusokotwa na kufumwa. Unakaa umevutwa, kama kamba ya mzigo. Maji na moto vinaulegeza, nao unarudi katika urefu wake wa kwanza. Fundi mmoja wa Marekani, Sanford Cluett, alivumbua mashini ya kuirudisha nguo katika kiwanda kwanza, ili isirudi tena mwilini mwa mwenye kuinunua. Ndiyo maana ya neno «Sanforized» ambalo wazee wetu walilisoma ndani ya mashati na suruali zao za kazi.

Haya yanatuhusu namna gani sisi wa usalama? Salopeti iliyorudi inaacha wazi mikono na vifundo. Asidi inayoruka, cheche za kulehemu na jiwe linalopasuka vinatafuta hapo hapo palipo wazi. Na mtu aliyebanwa na nguo hawezi kuinama vizuri, anafanya kazi kwa mwili uliopinda. Usivae salopeti ya namna hii kwa aibu ya kuomba nyingine. Vilevile usichukue ya kaka yako mnene: nguo pana inakamatwa na mkanda wa kuchukua mawe, nao mkanda haujui kusamehe.

Kuna nguo nyingine yenye hatari zaidi, nayo ni ile ya nailoni inayovaliwa ndani ya salopeti kwa sababu ni nyepesi na inakauka upesi. Pamba ikipata moto inaungua na kuwa majivu. Nailoni inajikunja, inayeyuka, kisha inashika ngozi kama lami. Ikiwa ajali ya namna hiyo imempata mwenzako, mwagia mahali palipoungua maji baridi safi yanayotiririka, dakika 20. Usivute kitambaa kilichoshikamana na ngozi. Usipake mafuta, wala dawa ya meno. Mlete kwetu.

CHUMA KINAPOJIKAZA

Mafundi wa atelie wanajua maana ya pili kuliko mimi. Pete ya chuma inayotakiwa kushika mhimili kwa nguvu inatengenezwa ndogo kidogo kuliko mhimili wenyewe. Wanaitia moto, inapanuka, wanaivika, kisha wanaiacha ipoe. Inapopoa inajivuta na kushika, wala hakuna misumari. Magurudumu mengi ya gari la moshi yalivikwa pete zao za chuma kwa njia hiyo.

Hesabu ni hii: pete ya chuma yenye upana wa metre 1, ikiongezewa moto wa digrii 200, inapanuka kama milimetre mbili na nusu tu. Jicho halioni hizo milimetre. Na hapa ndipo hatari ilipo: jicho halioni na huo moto. Chuma cha digrii 200 hakina rangi nyekundu. Kinalala juu ya meza ya kazi kama chuma cha jana. Wengi walioungua viganja katika atelie hawakuungua kwa chuma chekundu, kwa maana hicho kila mtu anakiogopa. Waliungua kwa chuma cheusi kilichonyamaza.

Basi, mwenye kutia chuma moto aandike kwa chaki «MOTO» na asimame karibu mpaka kipoe. Na anayeingia atelie asishike kitu ambacho hakukiweka yeye mwenyewe.

KOVU LINAPOJIVUTA

Sasa tunaingia katika mwili wa mtu.

Kidonda kikubwa cha moto kinapopona, mwili unakifunga kwa nyama mpya. Nyama hiyo si kama ile ya kwanza. Ni ngumu, na inaendelea kujivuta kwa miezi mingi baada ya kidonda kufunga. Ikiwa kidonda kilikuwa katika kiwiko, mkono unaweza kubaki umekunjwa. Ikiwa kilikuwa shingoni, kidevu kinavutwa kuelekea kifua. Ikiwa kilikuwa katika kiganja, vidole vinafunga kama mtu aliyeshika pesa, na havifunguki.

Kwa hiyo, mgonjwa wa moto anapoambiwa arudi kila mara kunyoosha mkono wake, au avae ubao usiku, asifikiri tunamchezea. Maumivu ya kunyoosha ni madogo kuliko mkono uliofungwa maisha yote. Nawaomba hasa mama wa nyumbani: baba akilia usiku kwamba ubao unamuumiza, usiuondoe kwa huruma. Mlete asubuhi, tutautazama pamoja.

Nimesema habari za kovu la ngozi kwa sababu kovu hilo kila mtu analiona. Linalonitia wasiwasi zaidi ni kovu lisiloonekana.

KIFUA KINAPOJIVUTA

Ndani ya mapafu mna vifuko vidogo vya hewa, kama milioni 300. Ndani ya vifuko hivyo ndimo hewa safi inapoingia katika damu. Vifuko hivyo ni laini, vinapanuka na kurudi kila unapovuta pumzi.

Jiwe tunalolitoboa lina mara nyingi kitu kinachoitwa silisi, ambacho ndicho mchanga na jiwe jeupe la kwarzi. Vumbi nene tunaloliona likikaa juu ya nyusi halifiki mbali: linakamatwa puani na kooni, tunalitema. Linalofika ndani kabisa ni lile jembamba sana, la sehemu tano za elfu za milimetre na chini yake, jembamba zaidi ya mara kumi kuliko unywele wa mtu. Hulioni. Linaweza kubaki hewani muda mrefu baada ya mashini kunyamaza, wakati watu wanavua maski na kusema: vumbi limekwisha.

Likifika katika vifuko, askari wa mwili wanalimeza ili walimalize. Lakini jiwe halimalizwi. Askari anakufa, jiwe linabaki, anakuja askari mwingine, naye anakufa. Mahali pa vita hivyo mwili unafanya kile unachofanya kwa kila kidonda: unatia kovu. Na kovu, kama tulivyoona, linajivuta. Kovu moja ni dogo kama punje. Maelfu ya makovu yakikutana, pafu linavutwa, linakuwa dogo na gumu. Huo ndio ugonjwa wa silikozi.

Mambo manne ya kujua juu ya ugonjwa huu:

Kwanza, hauna haraka. Mara nyingi unaonekana baada ya miaka 10 au zaidi ya vumbi. Vumbi likiwa kali sana, miaka michache inatosha.

Pili, ukiisha kuanza unaweza kuendelea hata kama mtu ameacha kazi ya vumbi.

Tatu, unafungulia mlango kifua kikuu. Pafu lenye silisi linashindwa kupigana na mdudu wa kifua kikuu. Tena, tangu mwaka 1997 waganga wa kimataifa wanaochunguza kansa wameliandika vumbi la silisi kati ya vitu vinavyoleta kansa ya mapafu. Sigara inaongeza ubaya juu ya ubaya.

Nne, hakuna dawa inayoondoa makovu hayo. Salopeti iliyorudi tutaibadilisha katika magazini. Pafu hatuna magazini yake.

Wala msiseme kwamba ni jambo jipya ambalo hakuna aliyelijua. Mwaka 1930 waganga wa nchi nyingi walikutana Johannesburg, kwa mwito wa Ofisi ya Kimataifa ya Kazi, kwa ajili ya ugonjwa huo tu. Na mwaka ule ule, huko West Virginia katika Marekani, wafanyakazi walianza kutoboa mlima mahali paitwapo Hawks Nest ili kupitisha maji ya mto. Jiwe la mlima lilikuwa silisi tupu kwa sehemu kubwa. Walitoboa makavu, bila maji ya kutosha na bila maski. Wengi wao walikuwa watu weusi waliotoka mbali kutafuta mkate. Walikufa kwa mamia, wengine hawakumaliza hata mwaka katika lile shimo. Elimu ilikuwapo tayari, lakini maji hayakufika kwenye mashini zao.

MAGAZINI ISIYOHESABIWA

Lile neno la Kiingereza linatumiwa pia na watu wa magazini na wa maduka. Mali inapopunguka bila mtu kujua imekwenda wapi, leo msumari, kesho boksi ya sabuni, wanasema imejikunja. Mlinzi wa magazini hatambui upungufu wa siku moja. Anautambua siku ya kuhesabu. Asiyehesabu hatambui kamwe.

Kifua chako ni magazini ya namna hiyo. Mtu hapotezi pumzi yake siku moja. Mwaka huu anaacha kucheza mpira, anasema ni umri. Mwaka ujao anapumzika katikati ya ngazi, anasema ni uzito. Kisha anamwambia mtoto achukue ndoo ya maji, anasema mtoto ajifunze kazi. Mwili una hila nyingi za kuficha upungufu wake.

Siku ya kuhesabu ni siku ya radio ya kifua na ya kupuliza katika mashini inayopima pumzi. Unavuta hewa yote, unapuliza kwa nguvu mpaka mwisho. Mashini inaandika. Mwaka ujao tunalinganisha. Kipimo cha mwaka mmoja kinasema kidogo, lakini vipimo vya miaka mitano vikipangwa pamoja vinasema mengi.

MOYO UNAPORUDI NYUMA

Sasa ninafika kwa ile maana ya kijana wetu, ya mtu aliyeona nyoka. Hapa nitasimulia jambo ambalo mimi mwenyewe sina sifa nalo.

Alikuwako baba mmoja, jina lake nalihifadhi. Ujanani alitoboa mawe miaka mingi kwa mwajiri mwingine, kwa mashini kavu, mbele ya kuja kwetu. Kila mwaka tuliandika jina lake kwa ajili ya radio. Mwaka wa kwanza alikuwa na matanga. Mwaka wa pili alikuwa na safari. Mwaka wa tatu alisema kikohozi chake ni cha baridi ya Juni tu. Mimi nilikuwa kijana mwenye diploma mpya, naye alikuwa mtu mzima, rika la baba yangu. Niliona si heshima kumfuata nyumbani na kumwuliza: baba, unaogopa nini? Nikaandika «hakufika», nikafunga kitabu. Miaka mitatu niliandika hivyo hivyo.

Alikuja mwenyewe mwaka wa nne, ameshikwa mkono na mke wake. Alipumzika mara mbili kutoka mlangoni hadi kitini. Radio ilionyesha mapafu yaliyovutwa juu na makovu makubwa, na juu ya hayo kifua kikuu. Kifua kikuu kilitibiwa. Alimeza dawa zake miezi 6 bila kuruka siku, nacho kilipona. Lakini pumzi haikurudi. Aliniuliza kama mapafu yatakuwa tena kama ya zamani. Nilimwambia kweli, kwamba hapana. Akanyamaza, kisha akasema: «Mimi nilijua kitambo. Nilifikiri kama hamtaandika, haitakuwa.»

Maneno hayo sijayasahau. Yeye alirudi nyuma mbele ya radio, na mimi nilirudi nyuma mbele yake. Woga wa watu wawili ulilipa kovu lile nafasi ya miaka mitatu.

Najua wengi wanaogopa si ugonjwa, bali kupoteza kazi. Nasema wazi: woga huo si upumbavu, mtu ana watoto. Lakini tazama hesabu yake. Anayejulikana mapema anaweza kuondolewa vumbini wakati bado ana pumzi ya kufanya kazi nyingine. Anayejulikana mwishoni hana pumzi ya kazi yoyote. Tena, katika nchi yetu magonjwa ya kazi yanashughulikiwa na CNSS kama ajali za kazi. Lakini asiye na karatasi ya mganga ana maneno tu.

Iko maana moja tena. Katika miaka ya 1950 Wamarekani walianza kumwita mganga wa akili, kwa mzaha, «mwenye kupunguza vichwa». Walichukua jina hilo katika habari za watu wa misitu ya Ekwado na Peru, Washuar, ambao zamani walikausha vichwa vya adui zao kwa mchanga na mawe ya moto mpaka vikawa kama ngumi. Mzaha wenyewe unaonyesha kwamba hata huko watu waliogopa mganga huyo. Kwetu pia, mtu akipelekwa kwake, jirani wanasema ana wazimu.

Lakini nimewaona watu waliotoka salama katika maporomoko, bila hata mkwaruzo, kisha wakaanza kuwa wadogo. Hawalali. Wanashtuka mlango ukifungwa. Hawali pamoja na wenzao, wanakunywa peke yao. Mtu huyu hakuumia ngozi, alijikunja ndani. Usimcheke, na usimwache. Msindikize kwetu, tutajua mahali pa kumpeleka.

TUFANYE NINI?

Toboa kwa maji siku zote. Maji yakikatika, simamisha mashini na mwite kapita.

Mwagia maji njia na mahali pa kupakia mawe. Usifagie pakavu.

Usijipulize nguo kwa hewa ya kompresa. Unaondoa vumbi katika kitambaa na kulitia kifuani.

Vaa maski yenye kichujio kinachofaa. Kitambaa cha mdomoni hakizuii vumbi jembamba. Ndevu zinapitisha vumbi pembeni mwa maski.

Oga na ubadilishe nguo mbele ya kurudi nyumbani. Mke anayekung'uta salopeti yako anakula vumbi lako, na mtoto mgongoni pia.

Ukikohoa zaidi ya juma mbili, ukitema damu, ukikonda au ukitoka jasho usiku, usingoje siku ya radio. Njoo kesho.

Na jina lako likiitwa kwa kipimo, fika. Usipofika, safari hii mimi nitakuja kubisha mlangoni kwako.

Yule kijana wa atelie alipewa salopeti nyingine. Siku hizi anaifua kwa maji baridi, na jina lake limo katika orodha ya radio ya mwezi huu. Ndugu zetu wa pwani wanasema nguo imerudi. Nasi, kila jioni, tunataka kila mfanyakazi arudi kwake. Arudi mzima, asirudi kama nguo.